Bi Pindua na Kiti Kilicholazwa

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: Hospitali ya Viti, ambayo shule nzima inajivunia, ilizaliwa na kosa langu la tafsiri. Nitalieleza mahali pake. Kwanza niandike salamu za kuaga, kama nilivyoagizwa na mwalimu wa Kiswahili.

Fundi wetu wa matengenezo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia shule kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Bi Pindua, naye huitika.

Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpa kitu cha plastiki, hakitazami usoni. Atakipindua kwanza asome namba ya aina ya plastiki, iliyoandikwa tumboni ndani ya kipembetatu. Akikuta mbili au tano, anaguna. Plastiki za namba hizo zina ngozi ya utelezi, na gundi ya kawaida hulala juu yake kama mgeni asiyekaribishwa. Ikishakauka, hubanduka nzima nzima kama gaga la kidonda. Siku moja alialikwa chai nyumbani kwa mwalimu mkuu, akapindua jagi. Lilikuwa na juisi.

Walimu humletea majeruhi wa nyumbani kwao: ndoo, vifuniko, makapu ya nguo chafu. Mwalimu wa hisabati alileta beseni akijitetea kwamba ufa wenyewe ni mdogo tu.

“Udogo wa ufa haunisumbui, mwalimu,” Bi Pindua alimjibu. “Hii ni namba mbili. Namba mbili haina adabu.”

Lakini adui yake mkubwa alikuwa viti vya madarasani, vyote namba tano, vinavyopasuka pale mgongo unapokutana na makalio. Alijaribu gundi ya viatu. Alijaribu gundi ya mabomba. Alijaribu ile ya papo kwa papo, ikamgandisha vidole viwili, akasimama navyo paredi asubuhi kama mtu anayekula kiapo. Kiti chenyewe kilishika vizuri hadi naibu mkuu, ambaye ni mzito kwa cheo na kwa mizani, alipokikalia mbele ya darasa letu. Alianguka katikati ya neno “nidhamu”.

Hapo ndipo Bi Pindua alipotafuta gundi iliyotengenezwa mahususi kwa plastiki za aina hiyo. Aliipata: mirija miwili iliyoshikana, na maelezo yenye herufi kama sisimizi, kwa ile lugha nyingine tunayofundishiwa sayansi. Nilikuwa napita na kamusi yangu.

“Wewe mkimya, hebu njoo. Lugha hii unaiweza?”

“Shikamoo. Kidogo.”

“Marahaba. Hicho kidogo kinatosha, mwanangu. Niandikie.”

Nikaandika: sugua kwa msasa, futa kwa spiriti, changanya nusu kwa nusu, bana. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno ambalo maana yake ya kawaida ni kuponya. Kwa watu wa gundi, maana yake ni gundi kuiva na kukomaa. Sikulijua hilo. Nikatafsiri: “Mgonjwa atibiwe kwa saa ishirini na nne, katika joto la chumba, asiguswe.” Neno “mgonjwa” halikuwepo. Niliongeza mwenyewe, kwa ajili ya ufasaha.

Bi Pindua alisoma mara mbili. Kisha akagundisha kiti kimoja kilichopasuka, akakibeba begani hadi chumba cha wagonjwa, akakilaza kitandani na kukifunika shuka hadi shingoni.

“Dada,” nesi akamuuliza, “huyu anaumwa nini?”

“Mgongo.”

Nesi akaandika daftarini.

Na kiti kikapona. Zamani viti vilikuwa vikigundishwa na kurudishwa darasani baada ya dakika kumi. Safari hii hakuna aliyethubutu kumkalia mgonjwa. Tangu siku ile viti mia moja na kumi na vinne vimelazwa na kuruhusiwa. Naibu mkuu amekalia kadhaa kati ya hivyo, na hotuba zake sasa hazina wa kuzikatiza, jambo ambalo baadhi yetu tunalisikitikia.

Mwaka huu, katika kipindi cha kemia, nilikutana tena na lile neno, na maana yake ya pili. Masikio yakaniwaka moto. Nikanyamaza, maana kunyamaza ndiko kipaji changu.

Lakini Ijumaa mafundi wa shule sita wanakuja kumuaga, na Bi Pindua atawafundisha. Amenunua shuka jipya. Anataka kuwaambia kwamba gundi hii haishiki bila kitanda cha hospitali. Miongoni mwao wapo wanaoisoma lugha ile. Watamcheka siku yake ya mwisho kazini, na kosa ni langu.

Kwa hiyo, Bi Pindua, tafadhali usiwaambie habari ya kitanda. Meza yoyote inafaa, mradi kiti kibanwe na kisiguswe siku nzima. Msasa, mkono na ubishi wa miaka yote hiyo vilikuwa vyako. Mimi nilichangia mgonjwa tu. Nisamehe.

Shule inakushukuru kwa kila mgongo uliopata pa kuegemea. Nenda ukapumzike, tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, na watu wa kukuandalia chai hata kama utaimwaga.

Nasikia viatu vyako nje ya maktaba. Wiki hii umepita mara tatu, na mara zote nimeificha karatasi hii chini ya kamusi. Leo naiacha wazi mezani. Nimekuvutia kiti.