Saa Mbili za Ndege

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Seremala. Asubuhi ile jeneza la mama yake lilikuwa ndani, kalipiga randa mwenyewe, na maziko yalipangwa saa kumi jioni. Watu wenye adabu wangekaa kimya. Sisi tukaanza kubishana kama mdogo wake anayeishi ng'ambo atawahi. Kilomita, dereva mstaafu wa malori, alishika kikombe cha kahawa. Profesa, kinyozi asiyejua kusema sijui, alishika mazungumzo.

— Kilomita elfu sita mpaka huko kwa dogo, akasema Kilomita. Mimi na lori langu ni siku tisa, kulala njiani.

— Lori hilo, mzee wangu. Ndege ni saa mbili, akasema Profesa.

— Saa mbili? Acha kutupiga kamba!

Seremala akachomoa kwenye pochi nakala ya tiketi aliyoachiwa na mdogo wake miaka tisa iliyopita. Ilikuwa imechanika kwenye mikunjo.

— Soma mwenyewe. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nne asubuhi. Siku ileile.

— Elfu tatu kwa saa? Hiyo ndege au risasi?

— Dunia inazunguka, mzee, Profesa akafafanua. Rubani anapanda juu, anatulia, mji unamfuata wenyewe.

— Sasa mafuta ya nini?

— Ya kuwashia taa!

Tukacheka, Mungu atusamehe. Seremala hakucheka.

— Saa mbili. Mimi nikifuata mbao tu natumia zaidi. Miaka tisa yuko saa mbili kutoka hapa, mama anamwita mpaka sauti inamkauka. Yule hana moyo yule.

Mimi nilijua. Mpwa wangu anaishi upande huohuo. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tano, na tiketi huandika saa za kila mji kivyake. Angani ni saa saba nzima. Ningeweza kumwambia, nikaufyata. Niliona hasira ile ndiyo inayomzuia kulia mbele yetu. Na niliogopa pia, nisiseme uongo. Mpaka leo najilaumu.

Ndipo dada yao akaja kutoka nyumbani, macho yamevimba.

— Poleni, kaka zangu.

— Pole wewe, mama. Tunapiga hesabu ya ndege hapa, akasema Kilomita. Mimi nasema...

— Subiri kidogo, mzee wangu.

Akamgeukia Seremala.

— Kaka, alfajiri nilikuomba umpigie simu mdogo wetu, maana namba unayo wewe peke yako. Alisemaje?

Profesa akatazama barabarani. Kilomita akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

— Kaka, alisemaje?

Seremala akairudisha tiketi kwenye pochi. Nilikuwa na Seremala tangu alfajiri ile, na sikumwona akishika simu.