Sikuacha Kazi, Niliachishwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa nafasi, Bwana asifiwe! Mimi naitwa Tabitha. Mama yangu ni yule pale mwenye kitenge cha bluu. Wengi mnamfahamu yeye kuliko mimi, kwa sababu miaka mingi nilikuwa Mbeya, nikifundisha chekechea kule mtaa wa Soweto.

Ndugu zangu, niliipenda kazi ile! Nilipewa darasa la wadogo kabisa. Mbeya mnajua baridi yake. Asubuhi nilikuwa nafunga vifungo vya masweta, nafuta kamasi, kisha tunaimba herufi mpaka miili inapata joto. Kulikuwa na mtoto mmoja, Imani, hakubali kuingia darasani mpaka ashike pindo la sketi yangu. Nilitembea naye hivyo hivyo, kama nina mkia.

Kisha mshahara ukaanza kusuasua. Mwezi huu nusu, mwezi ujao ahadi, halafu hata ahadi zikakoma. Mkurugenzi, mwenye shule, alikuwa anatuambia, "Walimu, vumilieni, wazazi hawajalipa ada. Hii ni huduma." Na mimi nilivumilia! Uji wa watoto uliobaki kwenye sufuria ndio ulikuwa chakula changu cha mchana. Walimu wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Mimi nikabaki, maana nikiwaza nani atatembea na Imani, moyo unakataa.

Lakini nyumbani nilikutamani, ndugu zangu, mpaka kifua kinauma. Mama alikuwa anapiga simu, ananisalimia kwa Kihehe: "Kamwene, mwanangu. Utakuja lini?" Namjibu, "Likizo ijayo, mama." Nikikata simu, nalia. Nilitamani viazi vyake vya kuchemsha. Nilitamani kukaa jikoni kwake mvua ikinyesha, ananisimulia habari za majirani. Nikienda Iyunga kununua mkaa, nayaona mabasi yanatoka Tunduma kuja huku Iringa, nasimama kuyaangalia mpaka yapotee. Ningekujaje mikono mitupu, mwalimu mzima?

Siku moja nikapiga magoti, nikaomba, kisha nikamfuata mkurugenzi ofisini. Nikamwambia kwa heshima, "Mzee, naomba unilipe hata kidogo, nikamwone mama yangu." Jumatatu nafika, namkuta binti mwingine amesimama mbele ya darasa langu. Mkurugenzi akasema, "Wewe kuanzia leo utakaa getini, ufungulie magari. Na usiongee na watoto, unawavuruga."

Jamani! Nilikaa getini, na wale watoto wanakuja dirishani kuniita, "Mwalimu Tabi! Mwalimu Tabi, njoo!" Nami naangalia chini kama sisikii. Siku zikaenda hivyo, mpaka nikavunjika moyo. Nikarudi ofisini nikasema, "Mzee, hunilipi, na darasa umeninyang'anya. Siwezi tena. Naondoka."

Akasema, "Sawa. Umeacha kazi mwenyewe. Usije ukadai kitu."

Na mimi nikamwamini! Nikarudi chumbani kwangu, nikakaa mlangoni nimejiinamia. Jirani yangu, Mama Zuhura, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni, akanikuta pale. Nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, hujaacha kazi wewe. Umefukuzwa kijanja. Nenda kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi, na uende wiki hii hii, wasije wakasema umechelewa." Mungu ambariki mama yule! Yeye ndiye aliyenisindikiza kufungua shauri.

Ndipo nikapata nguvu ya kumpigia mama. Nikamwambia ukweli wote, kwamba sina kazi, sina mshahara, sina kitu. Akasema, "Tabitha, mimi nilikuuliza utakuja lini. Sikukuuliza utakuja na nini." Akanitumia nauli. Ndugu zangu, niliposhuka stendi na kumwona amesimama ananisubiri, nilimkumbatia nikasahau hata begi langu kwenye basi!

Usuluhishi ulishindikana, shauri likapelekwa kwa mwamuzi. Siku ya kusikilizwa nikasafiri kurudi Mbeya, mama huku nyuma amefunga na kuomba. Mkurugenzi akasema yale yale, kwamba niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mpole. Akanigeukia.

"Mwalimu, kama ungelipwa na kuachiwa darasa lako, ungeondoka?"

Nikasema, "Mheshimiwa, ningekuwa na wale watoto sasa hivi."

Uamuzi ulipotoka, ulisema mwalimu huyu hakuacha kazi. Aliachishwa, kwa sababu mwajiri alimfanya ashindwe kubaki. Haleluya! Haki yangu nililipwa baadaye, namshukuru Mungu. Lakini maneno yale ndiyo yaliyonifungua! Maana muda wote ule nilikuwa najihukumu kwamba niliwakimbia watoto wa watu.

Nisiwadanganye, ndugu zangu, hamu ya wale watoto bado ninayo. Nikipita karibu na shule hapa Kihesa nikasikia wanaimba, nasimama. Wale wa kwangu sasa wamekua, pengine hata jina langu wameshalisahau. Nimeomba nafasi ya kufundisha hapa Iringa, nimezunguka shule nyingi, bado. Nalima bustani na mama, na kila asubuhi namwambia Bwana, nipe watoto tena.

Sasa wewe uliyekaa hapa leo, unafanya kazi mahali wanapokudhulumu, na unaona aibu kusema hata kwa watu wako. Mwambie Mungu. Kisha inuka, umwambie na mtu. Usiogope, Yeye hakuonei aibu! Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu, nawashukuru ninyi mlioniombea bila kunijua sura. Mtegemeeni Bwana, ndugu zangu. Mimi darasa bado sijalipata, na nimesimama hapa namsifu.

Amina.