Mvua ya Tena Isiyonyesha Jumapili

Kwanza uape. Weka kidole kwenye ulimi, useme haya hayatatoka hapa, hata kwa dada yako wa tumbo moja. Umeapa? Basi sogea. Celine naye aliapishwa hivyo hivyo asiseme, na kufikia jioni wauza makaa wa Umoja walikuwa wanacheka. Kwa hivyo tusijifanye.

Celine ni yule wa mtaa wa Tena anayefulia watu wa Donholm. Anachukua nguo huko kwa maghorofa, anakuja kuzianika nyuma ya nyumba yake, kwenye kamba sita. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kijiweni na beseni tupu miguuni, jua la Januari likimchoma utosi, na kwenye simu yake ujumbe wa mteja wake wa mwisho, Akech: "Leo kukinyesha tena huko kwenu, nguo nampatia mtu mwingine." Wateja wengine wawili walikuwa wameshaenda. Wote walisoma simu zao wakaona Tena inanyesha kila siku. Na Tena, ndugu yangu, vumbi lilikuwa linafika magotini.

Habari hizo za mvua zilikuwa zinatoka kwa ile mitambo ya hali ya hewa iliyosimamishwa kando ya benchi ya kijiwe mwezi wa Novemba: mlingoti mrefu wenye vijiko vya kuzungushwa na upepo, na chini yake, usawa wa kiuno, mkebe mweupe wenye mdomo mpana kama faneli. Siku ya kuzindua watu wa hali ya hewa walieleza dakika arobaini. Baada ya soda kuisha hakuna aliyesikia kitu.

— Milimita kumi na mbili jana! Celine alisema. Kumi na mbili! Nimeanika blanketi zikakauka kabla ya saa sita.

— Hiyo ni satelaiti, alisema Sylvance, ambaye kijiwe kizima humwita Dishi kwa sababu hurekebisha televisheni za watu. Imeinama kidogo. Inaangalia Kisumu ikidhani ni hapa.

— Dishi, wacha zako. Njogu fundi wa mageti, aliyeichomelea benchi hiyo mwenyewe, alitema mate kando. Hiyo ni kazi ya watu wa mabwawa. Wanaandika mvua imenyesha, ndio maji yakikosa kwa mfereji waseme sisi ndio tumemaliza.

— Sasa maji ya mfereji yameingiaje hapa? Dishi aliuliza.

— Uliza tena polepole utajijibu.

— Aki nyinyi! Celine alipiga beseni teke. Mimi napoteza kazi, nyinyi mnanipeleka Kisumu!

Hapo ndipo Katibu alipokohoa. Jina lake ni Mzee Shiundu. Alikuwa karani wa reli miaka thelathini, na akikohoa hivyo ujue hotuba inakuja.

— Mama Celine, tatizo lenu hamna subira. Huu ni mpango wa miaka kumi na tano. Kompyuta ni kama mtoto wa nasari. Mwaka wa kwanza inasoma a-e-i-o-u. Kufikia mwaka wa kumi itakuambia mvua inaingia kwa mlango gani, saa ngapi.

— Na mimi nile nini hiyo miaka kumi, Katibu? A-e-i-o-u?

— Niliwaambia siku ile ya mkutano. Mimi ndiye nilikaa mbele.

— Ulikaa mbele karibu na kreti ya soda!

Bedan, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likatikisika. Akamimina mzunguko wa pili, kahawa chungu yenye tangawizi ya kuwasha pua.

— Mimi nasikia, Dishi alirudi, sauti chini kama anauza siri, hii mashine inavuta mvua ya zamani. Ile ya mwaka jana. Imehifadhiwa juu huko, sasa inasomwa upya, kama marudio ya mpira.

— Marudio ya mvua! Njogu alishika kichwa. Manze, huyu achunguzwe.

Msichana mmoja fundi akasimama mbele yao, koti la bluu, begi la spana, kadi shingoni. Kate, ndivyo kadi ilivyosema.

— Habari zenu, wazee. Shikamoo, mama. Natoka hali ya hewa. Naomba kuuliza kitu.

— Keti, binti, alisema Katibu. Uliza mimi.

— Mitaa yote ya huku imekauka. Nyinyi peke yenu mna mvua. Inanyesha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, dakika moja tu kila mara. Jumapili hainyeshi. Hii ikiendelea wiki moja zaidi, kituo cha Tena kitaondolewa kwenye mpango. Sasa, hapa kwenu saa nne na saa kumi huwa kunafanyika nini?

Dishi aliangalia mlingoti. Njogu aliangalia viatu.

— Jumapili labda mvua imeenda kanisa, alisema Bedan, ambaye Jumapili huimba kwaya na hauzi.

Celine aliangalia saa kwenye simu. Saa nne na dakika mbili.

— Tulieni, alisema Katibu, akisimama kuwaokoa. Hili ni jambo la kitaalamu. Nipeni vikombe, tufikirie tukiwa wasafi.

Maana yule mzee hapendi uchafu. Machicha ya kahawa hayamwagwi chini kijiweni kwake, yanaleta nzi. Akakusanya vikombe vyote kama afanyavyo siku zote, akachota maji kwa jagi la Bedan, akasuuza kimoja kimoja, na huku akimweleza Kate umuhimu wa takwimu safi, akageuka akamimina yote, maji, machicha na tangawizi, ndani ya ule mdomo mweupe wa mkebe. Chururu.

Simu ya Dishi ikalia. Ya Njogu ikalia. Ya Bedan, ya Kate, ya Celine.

"TENA: MVUA INANYESHA SASA."

Jua lilikuwa linawaka kama kaango. Katibu alibaki amesimama, jagi limeinama, tone la mwisho likining'inia ukingoni.

— Si hii ndiyo sinki? aliuliza. Niliwaandikia barua tatu watuletee sinki.

Kate alifunika uso kwa mikono miwili. — Mama, alimwambia Celine kwa sauti ya kusihi, tafadhali hii isitoke hapa. Uniapie.

— Naapa, alisema Celine.

Simu yake ikaanza kuita. Akech wa Donholm. Celine alibonyeza, akaweka sauti ya juu, akambandikia Katibu sikioni kabla hajatua jagi.

— Mweleze, alisema. Anza na barua ya kwanza.