Mshika Mkanda wa Wapiga Picha: Maisha ya Uk Saroeun, 1964–2022

Waheshimiwa watawa, wazee wetu, na majirani mliofunga mashua zenu pale chini, familia imenipa mimi, Uk Pisal, mtoto wa kaka yake marehemu, nisome historia hii ingawa niliacha shule darasa la sita, kwa sababu wenye vyeti wote wanalia, na mimi nina sauti ya kushinda injini ya mashua, kwa hiyo nikikosea mwaka mtanisahihisha baada ya uji.

Marehemu Uk Saroeun alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya kuelea hapa Kbal Toek, msimu ambao ziwa hupungua na nyumba huvutwa kuyafuata maji. Alianza masomo mwaka 1971 katika shule ya pagoda, hekalu la watawa wetu, akasoma hadi Aprili 1975, familia ilipoondolewa ziwani na wapiganaji walioiteka nchi na kupelekwa Battambang kuchimba mifereji, ambako wazazi wake wote wawili walifariki mwaka 1977, na yeye na baba yangu wakarudi huku Februari 1979, wakiwa wawili tu.

Mwaka 1985 alichukuliwa na serikali kwenda mpakani kufyeka msitu, na huko aliona wenzake wakikanyaga mabomu yaliyotegwa ardhini, mmoja wao akiwa amerudi nyuma hatua moja tu ili ampishe mtu aliyebeba gogo. Kuanzia siku hiyo, Baba Mdogo hakurudi nyuma bila kugeuka na kutazama, hata ndani ya nyumba inayoelea juu ya maji, nanyi mlimcheka, mkamwita Bi Harusi kwa mwendo wake, na wewe, Mjomba Rith, usiangalie pembeni, jina hilo ulilianzisha wewe.

Alifunga ndoa na Hang Phally, mkaushaji wa samaki, tarehe 2 Desemba 1990, na wakajaliwa mtoto mmoja, Chanmony, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1995.

Kazi iliyomjulisha kwa watu aliianza mwaka 1994, wapiga picha wa kigeni walipokuja kutafuta mahekalu madogo ya kaskazini ambayo mizizi imeyabana, akagundua kwamba wote wana ugonjwa mmoja, jicho likishaingia kwenye kamera mguu unarudi nyuma wenyewe ili mnara uenee kwenye picha, na huko nyuma hakuna aliyepakagua kama pana mabomu. Basi akawa anasimama mgongoni mwao, amewashika mkanda wa suruali, na wakilalamika kwamba hekalu halienei kwenye picha anawaambia, "Likate hekalu miguu, wewe ubaki na yako." Hakuna hata mmoja aliyerudi na mguu pungufu.

Kisha Chanmony naye akashika kamera. Alianza na maisha yetu ya ziwani, watoto wakipiga makasia kwenda shule, mama zetu wakipara samaki, na Baba Mdogo alikuwa radhi, lakini mwaka 2016 binti akataka mahekalu ya kaskazini, baba akakataa, binti akasema, "Baba, nitakwenda na wewe au bila wewe," na baba akaenda, kila safari, ameng'ang'ania mkanda wa mwanawe kwa nguvu kuliko alivyowahi kushika wa mgeni yeyote.

Ugonjwa wa kutetemeka ulianza mwaka 2019 kwenye mkono wa kulia. Desemba 2020, katika hekalu moja lililomo msituni, Chanmony alirudi nyuma na vidole vya baba vikafunguka vyenyewe, binti akapiga hatua mbili peke yake kwenye majani makavu, na hakuna kilicholipuka, wala hakukuwa na kitu, lakini usiku huo Mama Mdogo Phally alimsikia Baba Mdogo akilia.

Ndipo akaanza kutafuta mtu wa kumrithi, akawaita vijana wote, na kila mmoja alimuuliza swali moja, "Unaogopa?" Mimi nilikwenda mara tatu, nikajibu, "Niogope nini, Baba Mdogo, mimi naogelea na mamba!" naye akanifukuza, "Nenda kaoe huyo mamba."

Juni 2021 nilimpeleka kaskazini kumwona rafiki yake, na tukiwa tumepumzika kando ya barabara ng'ombe aliyekuwa akila nyasi mbele yetu, mahali ambapo nusu saa kabla nilikuwa nimesimama kukojoa, alilipuka. Baba Mdogo aliniuliza tena, suruali yangu ikajibu kwa niaba yangu, naye akasema, "Sasa unafaa," na kuanzia hapo akanifundisha mpaka aliposhindwa kusimama.

Alilazwa hospitali ya mkoa tarehe 28 Oktoba mwaka huu kwa homa ya mapafu, na akafariki tarehe 9 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, mkewe na bintiye wakiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, watawa wa pagoda hii, waongoza wageni wenzake, na majirani mliovuta nyumba yake hadi karibu na nchi kavu ili jeneza lisipande mashua.

Baada ya ibada ya siku ya saba, Chanmony anarudi kaskazini, na nyuma yake nitakuwa mimi. Tangu juzi silali, mkono huu unatoka jasho hata nikishika karatasi hii, na nawaomba jambo moja mbele ya maiti, kwamba asubuhi ya safari mje gatini mnisikilize ninavyoongea, na mkisikia nimeanza kujigamba, mzuieni Mony asiondoke.

Baba Mdogo, lala, pumzika kwa amani, woga wako tumebaki nao sisi.