Mume wa Mama Kufuli: Maisha ya Ronny Kalama Mwaringa, 1962–2025

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu, Bi. Dhahabu, naye ndiye anayeusoma. Kwa kuwa adabu ya wasifu haitaki neno "mimi", humu ndani atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine. Mlio na programu mikononi msihangaike kufuatisha mistari. Wasifu uliochapishwa humo ulipitia kwa wazee wa ukoo, ukakatwa hapa na kule. Huu haukupitia kwa mtu.

Marehemu Ronny Kalama Mwaringa alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 huko Makupa, kisiwani Mombasa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwaringa, kuli wa bandarini, na marehemu Mama Sidi, muuza mahamri. Kaka yake ni Bw. Shadrack, aliye nasi hapa. Mama yao alifariki Ronny akiwa hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake, Bi. Mejumaa, aliyekaa pale kiti cha mbele. Shangazi alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alijua kukohoa kikohozi cha kila jirani kabla hajajua kutamka majina yao, na kwamba jirani mmoja aligombana na mkewe akidhani anaigizwa kupitia ukutani.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari hapa hapa kisiwani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Hakufaulu sana, wala hakujisingizia kufaulu. Aliwahi kurudishwa nyumbani kwa wiki mbili kwa sababu alisimama nyuma ya pazia la ukumbi akasema "Kaeni chini" kwa sauti ya mwalimu mkuu, na shule nzima ikakaa, walimu nao wakakaa. Mwalimu mkuu aliyekuwa akiingia mlangoni alijikuta naye anatafuta kiti.

Mwaka 1981 aliajiriwa na Bw. Taizoon, mwenye duka la taa na vioo Kuze, Mji wa Kale. Kazi ilikuwa kufuta vumbi na kubeba mizigo, lakini wateja walikuja kumsikiliza. Alimwigiza bibi harusi anayejitazama kwenye kioo asichokusudia kukinunua. Alimwigiza hata tajiri wake mwenyewe, Bw. Taizoon akiwa amesimama nyuma yake. "Haya, sasa niigize ninavyokufuta kazi," tajiri akasema, na Ronny akaigiza, na mzee akacheka mpaka akaketi juu ya gunia. Hakumfuta. Mwaka 1988 alimpeleka kuchekesha kwenye harusi ya mwanawe, na tangu usiku ule kazi ya marehemu ikawa ni hiyo mpaka mwisho.

Ndoa. Bi. Dhahabu anaomba mvumilie, maana hapa ndipo programu ilipokatwa zaidi.

Mwaka 1991 ukoo wa Mwaringa ulikwenda kwao Dhahabu, Kaloleni, na kadzama, yaani tembo la mnazi la posa. Mshenga alikuwa Bi. Mejumaa. Kwetu, kabla ya baba wa binti kuonja lile tembo, humuuliza mshenga swali moja mbele ya watu wote, na mshenga hujibu kweli, kwa maana akishaonja hakuna kurudi nyuma. Baba yake Dhahabu akauliza, "Kijana wenu ana ila gani, tuijue kabla hatujapokea?"

"Ana mdomo tu," Bi. Mejumaa akajibu.

Watu wakacheka. Mzee akanywa. Harusi ilifungwa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1991.

Alikuwa mume mwema wa mambo ya nyumbani, na Dhahabu hatamnyima sifa yake. Haluwa alipozaliwa mwaka 1993, Ronny alikataliwa kuingia wodini kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita. Akaenda chini ya dirisha akanadi viazi karai kwa sauti ya muuzaji wa mtaani, na wauguzi wakatoka na sahani zao. Walipogundua hakuna viazi, walicheka wakamruhusu kuingia. Safari alizaliwa mwaka 1996. Marehemu ndiye aliyewanyoa watoto, ndiye aliyepiga pasi nguo za kanisani.

Jukwaani, kwa miaka zaidi ya ishirini, riziki yake ilikuwa Mama Kufuli. Nyote mnamjua. Ni mke mwenye wivu anayefunga kila mlango kwa kufuli ili mumewe, mpenda wanawake, asitoroke. Mji mzima uliamini Mama Kufuli ni Dhahabu. Wauza samaki walimwita, "Mama Kufuli, leo mzee umemfungia wapi?" Kijana mmoja alimshika mkono njiani kumwomba aonyeshe funguo. Dhahabu alicheka naye. Dhahabu hakuwahi kuwa na wivu wala kufunga mlango, na hao wanawake hawakuwapo. Alidhani ni kazi, na watoto walikuwa wakisomeshwa na kazi hiyo. Hakujua kwamba alivaliwa kama kanzu, mwingine apate kujisitiri ndani yake.

Tarehe 12 Machi 2022, siku aliyotimiza miaka sitini, marehemu alifanya onyesho kubwa mjini. Dhahabu alikaa safu ya pili na kitambaa kipya kichwani. Marehemu alichekesha kama kawaida, kisha akasema, "Mke wangu hajawahi kufunga mlango hata siku moja. Aliyejifungia ni mimi. Mimi nampenda mwanamume, na nimempenda tangu mwaka tisini na nane."

Watu walicheka. Wakasubiri kiishio cha kichekesho. Kisha wale wa mbele wakaanza kumgeukia Dhahabu, mmoja baada ya mwingine, kumwangalia usoni.

Alimwambia ukumbi mzima kabla ya kumwambia mkewe. Marehemu alieleza baadaye kwamba jukwaani ndipo mahali pekee alipokuwa na ujasiri. Huenda ni kweli. Lakini Dhahabu alistahili kuambiwa jikoni, mlango umerudishwa, apate kulia bila kutazamwa.

Mwanamume huyo ni Bw. Morgan, fundi wa vipaza sauti aliyezunguka naye kumbi zote. Alikula Krismasi nyumbani kwa Dhahabu mwaka baada ya mwaka. Watoto walimwita mjomba. Dhahabu ndiye aliyemwekea paja la kuku. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu alikuwa akipakuliwa hata nyama. Marehemu alihama nyumbani mwezi huo huo, akaenda kuishi Mbaraki na Bw. Morgan. Maonyesho yakaisha, simu za harusi zikanyamaza, na waliokuwa wakimshangilia wakavuka barabara wasikutane naye.

Mwaka 2024 alipatikana na ugonjwa wa figo. Bw. Morgan alimpeleka kusafishwa damu kila wiki, akamwogesha, akamlisha uji. Bw. Shadrack hakufika wodini. Bi. Mejumaa alifika mara moja, mwezi wa Agosti mwaka huu, akamkuta Dhahabu amekaa kando ya kitanda, marehemu amelala usingizi wa dawa. Bi. Mejumaa akaanza kulia.

"Mwanangu, tulijua tangu yu kijana. Mimi na Shadrack tulijua. Tulidhani akipata mke atatulia."

"Mlijua, shangazi, na mkaja kwetu na tembo?"

"Tulikuja."

"Na baba alipokuuliza ila?"

"Ningemjibu nini, mwanangu? Ungeolewa weye?"

"Nisingeolewa," Dhahabu alisema. "Ndiyo maana huulizwa."

Marehemu alimdanganya kwa hofu, na hofu hiyo mtu anaweza kuielewa hata kama kuielewa hakuponyi. Hawa walimdanganya kwa hesabu. Walichukua binti wa watu wakamfanya dawa ya mtoto wao, na dawa iliposhindwa hakuna aliyekuja kumwambia pole. La kuvunda halina ubani. Bi. Dhahabu amelisema mbele ya kaburi kwa sababu posa nayo ilisemwa mbele ya watu.

Ronny Kalama aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ukoo ulikataa alazwe kwenye makaburi yao karibu na wazazi wake, ndiyo sababu tuko hapa Mbaraki. Jana jioni Bw. Shadrack alileta sharti: jina la yule mtu likisomwa, ukoo unaondoka. Shemeji, njia ya kutokea ni ile ile mliyoingilia. Dhahabu aliishi miaka thelathini ndani ya jambo lililofichwa, na anajua linavyomfanya mtu. Hatamfanyia mwingine, hata mtu asiyempenda.

Marehemu ameacha mjane, Dhahabu. Ameacha watoto wawili, Haluwa na Safari, na mjukuu mmoja. Ameacha kaka, Bw. Shadrack, na shangazi, Bi. Mejumaa. Ameacha mwenzake, Bw. Morgan, aliyekuwa naye miaka ishirini na saba, aliyemfumba macho, na ambaye tangu asubuhi amesimamishwa langoni kama mwombaji. Bw. Morgan, njoo mbele. Udongo wa kwanza utautia wewe. Haluwa, mpishe babako mdogo njia.

Ronny, lala. Mungu akupe pumziko lake. Amani utaipata siku Dhahabu atakapokusamehe, na siku hiyo si leo.