Wimbi Lililoingia Kwenye Barafu

Alhamisi tarehe tatu Julai 2025, saa kumi alasiri, simu iliita nyumbani kwa mzee Fakihi, Mchinga. Meli ya uvuvi aliyokuwamo mwanawe Bashiru ilikuwa imezama kusini kabisa mwa dunia, bahari inakoganda, na waliomtafuta walikuwa wamekata tamaa. Maiti haikupatikana, basi mzee akakataa matanga. Tangu hapo kila alasiri huja kijiweni, hukaa benchi moja na Shamte, fundi wa madishi aitwaye Dishi, na Klementi, ambaye kwa maneno yake mengi wamemwita Redio.

— Dishi, isome tena ile habari ya setilaiti, alisema Fakihi alasiri moja.

Dishi akatoa simu.

— Setilaiti ina rada, mzee wangu. Haijali wingu wala giza. Imeona mawimbi ya bahari yakiingia ndani ya barafu, mistari mistari kama mkeka. Barafu inapanda, inashuka, na wimbi linapungua nguvu kadiri linavyoingia.

— Linapungua, Fakihi alisema polepole. Basi huko ndani kumetulia.

— Kumetulia mno, Redio akadakia. Mtu akipanda kwenye pande la barafu, anabembezwa tu.

— Atakula nini?

— Samaki si wamejaa chini? Anatoboa, anavuta.

— Wewe mwenyewe hata dagaa unanunua, Dishi alisema. Lakini mtambo unaoona wimbi ndani ya barafu, mtu utamkosaje? Labda wameshamwona, wanafuata taratibu tu.

Fakihi akanywa kahawa. Maneno hayo yalimpoza, na ndiyo aliyoyafuata hapo kila siku.

Akatokea Fauzia, mke wa Bashiru, na kapu la sokoni. Hakuwahi kufika hapo. Wanaume wakasogea, yeye akabaki amesimama.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu. Kwema nyumbani?

— Kwema. Nilitaka kuuliza tu. Eda ya mume wangu niihesabu tangu lini?

Redio aliinamia kikombe chake. Dishi alizima simu. Fakihi akamtazama mkamwana wake: kanga za rangi, macho makavu, mjane asiyeruhusiwa kulia kwa kuwa baba mkwe anasubiri habari za setilaiti.

Akaweka kikombe chini, akainua mikono. Dishi akainua yake. Redio akavua kofia.

— Ewe Mola, Wewe unamwona Bashiru pale alipo. Mghufirie, umrehemu, na maji yale yaliyomfunika uyajaalie kuwa kaburi lenye nuru. Mpe mkewe subira. Nami nipe moyo wa kumwachia Kwako. Amina.