Mwalimu na Foleni ya Nyimbo

Tangu wiki iliyopita chumba kilicho juu ya duka la vitambaa kimekuwa kimya. Mfuniko wa piano umefungwa. Viatu vya wanafunzi havijapangwa tena mlangoni. Wenye duka wanasema kila ikifika saa kumi jioni wanainua macho bila kutaka, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo dari yao ilianza kulia besi kila siku kwa miaka thelathini na mitano. Juzi mama mwenye duka alikata kitambaa cha mteja kikapungua robo mita. "Nilizoea kukata nikifuata mkono wa kushoto wa piano," alijitetea. "Sasa nifuate nini?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alifua nguo za hospitali. Mama alipenda kusimulia kwamba treni ikipita mtoto huyo hakulia. Alilia ikishapita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Kwenye ukumbi wa shule kulikuwa na piano moja kuukuu yenye vibonye kumi na kimoja visivyotoa sauti. Mwalimu wa kwaya alimruhusu kuipiga wakati wa mapumziko kwa sharti kwamba aifute vumbi kwanza. Alijifunza kuvikwepa vibonye vile kama mtu anavyokwepa madimbwi, na tangu wakati huo sikio lake lilipenda nyimbo zenye mapengo. Aliingia sekondari mwaka 1971, akamaliza 1974, kisha akasomea ukutubi kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa na kituo cha redio kuwa mtunza santuri. Alikaa chumba cha chini kisicho na dirisha, kati ya rafu zilizofika darini, akiandika kadi za maelezo. Huko, ndani ya sanduku ambalo hakuna mtangazaji aliyewahi kuliomba, alikuta santuri arobaini na tatu kutoka Brazili. Zilikuwa za bosa nova, na nyingine za jazi iliyochezwa kwa mapigo hayohayo. Baadaye aliwaeleza wanafunzi wake kwamba bosa nova ni samba iliyokaribishwa chumbani ikaombwa isiwaamshe majirani. Hakujua Kireno hata neno moja. Kwa hiyo kila wimbo aliupa jina lake mwenyewe: Mlango, Kiti cha Dirishani, Shemeji Mkorofi. Huyo shemeji aliitwa hivyo kwa sababu alibadilisha ufunguo wa sauti katikati ya safari bila kumuaga mtu. Wakati wa chakula cha mchana, studio ikiwa tupu, marehemu alipanda juu kwenye piano ya kituo na kuzitafuta nyimbo hizo kwa vidole mpaka azipate.

Mwezi Mei 1984 bomba lilipasuka juu ya rafu hizo. Fundi bomba aliyeitwa alimkuta amesimama juu ya kiti, ameinua beseni kwa mikono miwili, maji yanadondoka ndani, naye anaimba kwa sauti ya chini.

"Dada, wimbo wenyewe mbona kama umechoka?" aliuliza fundi.

"Haujachoka. Wewe ndiye una haraka. Funga maji."

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe alimwita Mwalimu kabla hata hajawa mwalimu. Mwaka 1986 walijaliwa binti, mtoto wao pekee.

Mwaka 1988 kituo cha redio kiliacha kutumia santuri. Marehemu aliomba lile sanduku la Brazili, akapewa, akaacha kazi. Alikodi chumba cha juu ya duka la vitambaa, akaanza kufundisha piano. Walimu wengine walianza na mazoezi ya vidole. Yeye alianza na nyimbo za Brazili. Kazi aliyoipenda kuliko hata kufundisha ilikuwa kuzichagua. Usiku na mchana alikuwa na maswali matatu. Mkono wa kushoto unafanya nini? Wimbo unanyamaza wapi? Je, mwanafunzi anaweza kuuimba akiosha vyombo? Wimbo usiojibu swali la tatu aliurudisha sandukuni, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Mwanafunzi mpya alipewa bilauri iliyojaa maji, akaambiwa aibebe kutoka dirishani hadi kwenye piano. Aliyeitazama bilauri alifundishwa kwa namna moja, na aliyetazama mbele kwa namna nyingine. Aliyemwaga alipewa kitambaa, na hakuna aliyegombezwa. Lakini wote, waliomwaga na wasiomwaga, walianza na Mlango. Nyimbo zake sitini zilisimama kwenye daftari la jalada jeusi kwa mpangilio aliouita foleni, na katika foleni hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuruka. Mlango ulikuwa wa kwanza kwa sababu sauti yake ya juu ilikuwa na noti tano tu. Mtoto yeyote angeweza kuzihesabu.

Tarehe 6 Septemba 2022 marehemu alipatwa na kiharusi. Kilimwachia akili, maneno na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, ambao aliutegemea kwa kila kitu, ulibaki mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Wanafunzi waliendelea kuja, naye aliwafundisha kwa mdomo. Ila kulikuwa na santuri sita ambazo alikuwa bado hajazipangia nafasi, na bila mkono wa kushoto asingeweza kuzipima.

"Fundi," alisema asubuhi moja, "niazime mkono."

"Upi?"

"Wa kushoto. Wa kulia ninao."

Kwa hiyo fundi bomba mwenye umri wa miaka sitini na tisa, mwenye vidole vinene kama koki, aliketi upande wa kushoto wa piano, mkewe upande wa kulia. Kama ada, walianza na Mlango. Wiki ya kwanza hakuweza. Wiki ya tatu bado. Besi yake ilifika pale wimbo ulipokuwa umeshaondoka.

"Mwalimu, huu ni wimbo wa watoto?"

"Wa watoto kabisa."

"Basi mimi sijazaliwa."

Siku moja mwezi Machi 2023, Mwalimu akiwa amesinzia kitini, Fundi alijaribu peke yake karatasi iliyokuwa juu ya nyingine. Ilikuwa Kiti cha Dirishani, wa saba katika foleni, wenye noti chungu nzima. Besi yake inatembea tu, hatua kwa hatua, kama mtu anayekwenda dukani. Mwalimu alifumbua macho.

"Nani amekufundisha huo?"

"Hakuna. Unajiendea."

Alimwambia arudie. Akamwambia arudie tena. Kisha akaomba daftari jeusi, akalifungua kwenye Mlango, akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza. Noti tano, ndiyo. Lakini kila moja ilianguka kati ya pigo na pigo, mahali ambapo mkono usiozoea hauna pa kushika. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona ugumu huo kwa sababu alikuwa amejifunzia kwenye piano yenye mapengo. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amewaingiza watu kwa mlango mgumu kuliko nyumba yenyewe.

Mchana huo waliketi na madaftari ya mahudhurio. Waliokatisha masomo walikuwa sitini na wawili. Kati yao arobaini na mmoja waliacha ndani ya miezi miwili ya kwanza, wakiwa Mlangoni. Kando ya kila jina aliyekuwa ameandika ni yeye: hana subira; hasikii; mvivu; mvivu; mikono mizito.

"Nimewaita watu arobaini na mmoja wavivu, Fundi. Kwa kalamu ya wino."

"Wameshasahau, Mwalimu."

"Mtu hasahau kuambiwa hawezi."

Jina la kumi na mbili lilikuwa la binti yao. Aliacha mwaka 1995 akiwa na miaka tisa.

Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kiharusi cha pili kingekuja, na kwamba kisingekuwa na huruma. Marehemu hakuomba muda wa kusafiri wala wa kuagana. Alitaka muda wa kuwapata watu hao mmojammoja na kuwaambia kwamba kosa halikuwa lao. Fundi alitafuta namba, alipiga, na kumshikia simu sikioni.

Mmoja alisema, "Mwalimu, mimi sasa nina wajukuu watatu!" Akajibiwa, "Basi uwaambie bibi yao hakuwa mvivu." Mwingine alidhani anatapeliwa, akakata simu mara mbili. Daktari mmoja wa meno alisikiliza mpaka mwisho.

"Kila sherehe huwa nasema nina masikio ya mbao," alisema. "Watu hucheka."

"Huna. Nilikuanzishia pabaya."

"Kwa hiyo ningeweza?"

"Ungeweza."

Daktari alijibu: "Mwalimu, afadhali ungeniacha na masikio yangu ya mbao." Siku hiyo marehemu hakutaka kupiga simu nyingine, na jioni hakula. Kesho yake alisema, "Ana haki ya kukasirika. Lete inayofuata."

Kufikia Oktoba walikuwa wamewapata ishirini na sita. Watano walikuwa wamefariki, na tisa hawakupatikana. Binti alibaki wa mwisho, ingawa namba yake ndiyo pekee ambayo haikuhitaji kutafutwa. Binti ni mpima ardhi katika mji wa mbali, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza dawa. Habari ya piano haikuwahi kutajwa kati yao kwa miaka ishirini na minane. Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2023 mama alipiga moyo konde, akamweleza habari ya Mlango yote, noti tano, mapigo na kila kitu.

"Mama," alisema binti, "mimi sikuacha kwa sababu ya wimbo."

"Uliacha kwa sababu gani?"

"Nikikosea, ulikuwa unavuta pumzi puani. Hivi." Akavuta pumzi. Hata Fundi aliisikia kwenye simu, akaitambua. "Husemi kitu. Unavuta tu. Nikawa naisubiri ile pumzi kuliko ninavyosubiri noti."

Mama alitazama ukuta. Kosa alilokuwa amelipata, akalipangia maneno, halikuwa hilo.

"Fundi," alisema hatimaye, "na hilo liandike."

Binti alianza kuja Jumamosi moja baada ya nyingine, saa nne za basi kwenda na saa nne kurudi. Alianza na Kiti cha Dirishani, ambacho sasa kilikuwa cha kwanza. Kila alipokosea, mama yake aliibana pumzi mpaka shingo ikamsimama, na mkono wake mzima ukashika kiti.

"Mama, pumua tu."

"Napumua."

"Hupumui. Utatufia hapa kwa ajili ya noti moja."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Hawakuwa wepesi wa kuambiana mambo, hata hapo. Lakini Jumamosi ya tarehe 13 Januari mwaka huu binti aliupiga wimbo mzima, akakosea mara nne, na kila mara alimsikia mama yake akipumua kawaida, kama mtu aliyekaa tu. Akafunga mfuniko, akasema, "Mara nne." Mama akasema, "Sikuhesabu." Alikuwa amehesabu. Alimwambia Fundi jioni kwamba zilikuwa tano.

Kiharusi cha pili kilikuja Jumanne ya tarehe 16 Januari. Marehemu alifariki hospitalini Alhamisi ya tarehe 18 Januari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja wa kiume, na wanafunzi kumi na wawili ambao masomo yao binti atayasimamia kila Jumamosi kwa kufuata daftari jeusi lenye foleni iliyosahihishwa. Ameacha pia wanafunzi wa zamani waliopigiwa simu. Kumi na mmoja kati yao wako hapa leo, na daktari wa meno ni mmojawapo.

Majina tisa ambayo hayakupatikana yamechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi. Familia inamwomba yeyote anayemfahamu hata mmoja wao amfikishie ujumbe kama marehemu alivyouacha: ulikuwa unaweza, kosa lilikuwa la mwalimu.

Tunamtakia pumziko jema. Kaburi lake ni la sita kutoka langoni, safu ya pili, kando ya mama yake.